Nyumba Isiyofuka Moshi

Kule Keza, paa lisilofuka moshi asubuhi lina maana mbili tu: ama mwenye nyumba hana cha kupika, ama mwenye nyumba amekufa. Kwa hiyo nyumba ya fundi Niyibizi ilipotimiza miezi miwili bila kutoa hata uzi mmoja wa moshi, na mwenyewe akazidi kunawiri, watu walianza kuulizana. Wengine walisema anakula kwa wajane. Wengine walisema amezika kitu uani, maana walimwona akichimba shimo ambalo mtu mzima aliingia mpaka utosi usionekane.

Felisita aliyasikia hayo yote kabla hajafika. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Kanazi, mhudumu wa kitalu cha mradi wa miti. Mwaka ule wa 1997 kazi haikuwa haba. Wakimbizi wa kambi ya Benaco walikuwa wamerudi kwao Desemba iliyopita, na vilima vilivyowapikia kwa zaidi ya miaka miwili vilibaki vipara kama kichwa cha mfiwa. Mradi ukagawa miche kwa kila kaya, nyumba kwa nyumba, na jina la Niyibizi lilikuwa la nne kwenye orodha yake.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Niko huku, kwa ng'ombe."

Alitokea nyuma ya banda, mrefu, amevaa mabuti ya mpira, viganja vimejaa samadi. Felisita alinyoosha mkono wa salamu kabla hajaona vizuri. Mwanamume akacheka, akageuza mkono na kumpa kifundo cha mkono.

"Shika hapa, dada. Kiganja kimechafuka."

Akashika. Kifundo kilikuwa cha moto, na mshipa wake ulidunda chini ya vidole vyake. Felisita akauachia mkono ule haraka, kama mtu aliyeshika sufuria iliyo motoni.

"Nimekuletea miche kumi ya kuni," alisema, akifungua daftari ili apate pa kuweka macho.

"Miche nitaipokea na kuipanda. Ila kuni sihitaji."

"Kila mtu anahitaji kuni."

"Mimi sina hata mafiga."

Felisita akafunga daftari. "Sasa unapikaje?"

Niyibizi alimtazama, akaitazama baiskeli yake iliyosheheni miche. "Una haraka?"

Alikuwa na kaya kumi na moja mbele yake, na wingu la mvua lilikuwa limeshakaa juu ya kilima. "Sina," akajibu.

Basi akamwonyesha. Alichukua ndoo ya samadi na ndoo ya maji, akavimimina kwenye beseni la saruji lililojengwa kando ya banda, akakoroga kwa mti mpaka vikawa uji, kisha akazibua tundu. Uji ukateremka chini ya ardhi ukigugumia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye shimo ambalo majirani wanasema nimezika kitu. Ni tangi la matofali, limefunikwa kama chungu kilichofudikizwa. Samadi ikikaa humo bila hewa inachacha, inatoa gesi. Gesi inapanda kwenye bomba lile, inaingia jikoni. Makapi yanatokea upande wa pili, yanakwenda kwenye migomba."

"Na harufu?"

"Njoo uinuse mwenyewe."

Jikoni alikuta meza ya zege iliyoshikana na ukuta, na juu yake jiko la chuma lenye moto wa bluu, mdogo, mtulivu, usiokohoa. Felisita alisogeza pua. Hakusikia kitu. Hakuridhika. Akatoa leso yake nyeupe ya kanisani, akaipitisha juu ya mwali mara moja, mara mbili, akaigeuza kuutafuta weusi. Leso ilikuwa nyeupe vilevile.

Akamkumbuka mama yake, Speciosa, ambaye macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Ng'ombe wangapi?"

"Wawili tu. Niliwanunua Biharamulo."

"Na taa ile?"

"Ya jua. Kuna kioo kama sinia juu ya bati, kinalisha betri ya gari chini ya kitanda. Taa tatu na redio."

"Maji?"

"Ya mvua. Mifereji ya bati inayapeleka kwenye tangi. Kiangazi cha kawaida hakiyamalizi."

"Mbona hapa ndani kuna baridi nzuri, na bati linachomwa na jua?"

"Kuta ni nene. Ni udongo wa shamba hili hili na saruji kidogo, nikaushindilia kwa mashine ya mkono. Tofali hili halikuonja moto."

"Na kwa nini ndogo hivi? Fundi mzima, vyumba viwili na jiko?"

Hapo Niyibizi alipiga ukuta kwa kofi, taratibu, kama anayempigapiga mnyama shingoni.

"Nimechoma matofali miaka tisa, dada. Tanuru moja nililichoma siku tano. Nilipogeuka nyuma nikaona mlima niliokatia kuni, nikakosa hata kivuli cha kukaa nipumzike. Nikajiambia, nyumba yangu haitamla mtu wala mti. Nyumba kubwa ni mdomo mkubwa. Hii inajilisha yenyewe." Akatabasamu. "Unauliza kama mtu anayetaka kujenga."

"Au kama mtu anayetaka kuhamia," Felisita akasema, na neno likamtoka kabla hajalitafuna. Aliona aibu mpaka masikioni. Niyibizi naye akageuka kufunga koki ya gesi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mvua ilinyesha, kaya kumi na moja zikasubiri.

Tangu hapo Alhamisi zikawa za Keza. Mara alikuja kuhesabu miche iliyoshika, mara kuona kama mchwa wameila. Miche yote ilikuwa imeshika, lakini hakuna sheria inayokataza kuhesabu mara mbili. Niyibizi alimfundisha kukoroga uji wa samadi usiwe mzito wala mwepesi. Alimfundisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba na kutazama kama litafura, maana pale linapofura ndipo gesi inapovuja. Wakiinama pamoja juu ya povu lile, vichwa vikikaribiana, Felisita alikuwa akisahau anatafuta nini.

Mwezi wa nne, Alhamisi moja baada ya Pasaka, Niyibizi aliweka kikombe cha maziwa mbele yake, akabaki amesimama.

"Felisita, nataka kutuma wazee Kanazi."

Felisita aliuvuta moyo wake urudi mahali pake. "Wakaulize nini?"

"Unajua."

"Najua. Nataka kusikia."

"Wakaulize kama mzee Anastazi atanipa binti yake anayeuliza maswali."

Felisita alicheka, akainuka aoshe kikombe ili asilie mbele yake. Niyibizi akaja kumsaidia. Walisimama bega kwa bega kwenye meza ile ya zege, na ndipo udadisi, ule ule uliomleta, ukamgeuka. Yeye Felisita alikuwa mfupi. Meza ilimfika kifuani, akinyanyua viwiko kama kuku anayetaka kuruka. Niyibizi alikuwa mrefu, na alikuwa amepinda mgongo. Meza ile haikumfaa yeyote kati yao. Na fundi huyu alipima kila kitu kwa kamba.

"Meza hii," aliuliza polepole, "ulimpimia nani?"

Niyibizi aliweka kikombe mezani.

"Niyibizi. Ulimpimia nani?"

"Aliitwa Priscila," akasema. Hakutazama chini. "Alikuwa mkimbizi, muuguzi kambini, Benaco. Nilikwenda kujenga vyoo, tukajuana. Nyumba hii niliianza yeye akiwa amesimama hapo ulipo, nikaweka alama ya penseli kwenye kiuno chake."

"Yuko wapi?"

"Aliondoka Desemba na watu wake. Nilimsindikiza kwa miguu mpaka Rusumo, kwenye daraja la mpakani."

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda."

Angesema uongo kidogo tu, Felisita angemshukuru. Akajifuta mikono kwenye gauni. "Kwa hiyo kila siku uliyonifundisha kukoroga na kupaka sabuni, ulikuwa unatafuta mtu wa kujaza nafasi kwenye ramani."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi? Nieleze! Wewe unayejua kueleza gesi inakwenda wapi, nieleze mimi naingia wapi humu."

Felisita hakungoja jibu, akachukua baiskeli na kuondoka. Kwenye kilima cha kwanza aligeuka nyuma mara moja, akajilaumu kwa kugeuka.

Wazee walikwenda Kanazi hata hivyo, wiki mbili baadaye, maana Niyibizi alikuwa ameshawaomba. Mzee Anastazi aliwapa kiti na pombe ya ndizi, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana kwa heshima. Walipoondoka akamwita binti yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Sina ugomvi na kijana. Lakini wazazi wake walivuka mto wa mpakani wakiwa na kikapu tu. Hana ukoo hapa, hana shamba la babu. Na Desemba uliona kwa macho yako. Barabara ilijaa watu siku nzima, na mabinti waliokuwa wamekaa nao wakabaki wamekumbatia watoto. Huyu naye kesho akisikia kwao kumetulia, atafunga mzigo. Ndipo utarudi hapa na nani?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na hakuna aliyemrushia hata kijiti. Mama Speciosa ndiye aliyemfuata binti jikoni, akikohoa, akipepea moshi kwa mkono.

"Wewe hujawahi kusema ndiyo kwa baba yako bila kumuuliza kwa nini. Kuna nini?"

Felisita akamwambia yote: meza, penseli, Rusumo. Mama alipuliza moto, akafuta machozi ya moshi, akafikiri.

"Huyo mwanamke alimwomba waende pamoja?"

"Sikuuliza."

"Ee, mwanangu! Wewe usiyeacha swali, hilo ndilo uliloliacha?"

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu, kwa sababu mzee Anastazi, aliyekataa, hakukaa kimya. Udadisi wa Felisita haukuokotwa njiani. Siku ya kwanza, akila maharage, mzee aliuliza: "Hayo mavi ya ng'ombe, ndoo ngapi kwa siku?" Siku ya pili: "Na ng'ombe akiugua?" Siku ya tatu Felisita alimkuta amesimama zizini mwake, anatazama chini kwa makini kama aliyeangusha ufunguo. Jumamosi ilipofika akatangaza: "Kesho baada ya misa nitakwenda Keza. Nimemkatalia mtu kitu ambacho sijakiona. Nataka nimkatalie nikiwa nimekiona. Felisita, utanionyesha njia."

"Baba, njia ya Keza unaijua tangu ujana wako."

"Nimeisahau," akasema mzee.

Wakaenda kwa miguu, Felisita akikokota baiskeli, moyo wake ukipanda na kushuka kuliko vile vilima.

Niyibizi aliwapokea amevaa shati la Jumapili. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kutazama, sikuja kuongea."

Akatazama kwa saa mbili na hakufunga mdomo hata dakika moja. Aligonga kuta, akainamia beseni, akauliza kuhusu mifereji. Jikoni Felisita aliingia nyuma yao, na macho yakampeleka moja kwa moja kwenye meza. Ilikuwepo vilevile. Ila chini yake, sakafuni, palikuwa na kipandio kipya cha matofali ya udongo, kirefu kama meza yenyewe, chenye kimo cha shibiri na nusu.

"Sikuibomoa," Niyibizi alimwambia kwa sauti ya chini, mzee akiwa ameinama kwenye jiko. "Mtu mwingine angeibomoa ili ionekane hakuna aliyewahi kuwepo. Nilinyanyua nyundo. Nikaona nitakuwa nakudanganya kwa nyundo. Na ile ni mifuko miwili ya saruji."

Felisita hakutaka kucheka. Midomo yake haikumtii. Akapanda juu ya kipandio. Meza ikamkaa sawasawa kiunoni, na akiwa pale juu, uso wake ulikaribia kulingana na wa Niyibizi. Hakuwahi kuyaona macho yale kutoka usawa huo.

"Alikuomba uende naye?" akanong'ona.

"Mara tatu."

"Kijana," mzee Anastazi akaunyoosha mgongo, "nimeona. Una akili. Sasa nikuulize nililojia. Utarudi kwenu lini?"

Niyibizi alielekeza kidole dirishani, kwenye kijumba cha nyasi kilichokuwa chini ya shamba.

"Mzee, mama yangu alikaa hapa Keza miaka thelathini na kifurushi kimefungwa nyuma ya mlango. Nguo mbili, sufuria, picha ya ndoa. Kila mwezi wa Januari alisema, mwaka huu. Hakupanda hata mparachichi, kwa sababu mparachichi unachelewa. Alipokufa nilikifungua. Nguo zilikuwa zimeliwa na mende. Mimi nilizaliwa hapo chini, kwenye kile kijumba cha nyasi. Kwetu ni wapi pengine?"

"Maneno ni mepesi," akasema mzee, lakini bila ukali. "Wote husema hivyo mpaka barabara ifunguke."

"Baba." Felisita alikuwa bado juu ya kipandio, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Barabara ilikwishafunguka. Desemba. Kulikuwa na mwanamke aliyempenda, na nyumba hii ilijengwa kwa ajili yake. Alimwomba wafuatane mara tatu. Niyibizi alimsindikiza mpaka darajani, akarudi peke yake akaja kumalizia tangi. Hilo swali lako ameshaulizwa na mtu mwenye nguvu kuliko wewe na mimi. Akalijibu."

Alipomaliza aligundua kwamba lile lililomkaa kooni wiki tatu kama mfupa wa samaki, amelitoa mwenyewe, amelitumia kama ushahidi wa utetezi. Niyibizi alimtazama kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Mzee Anastazi akamtazama kijana, akamtazama binti, akatazama moto wa bluu uliokuwa ukichemsha maziwa.

"Na akifa yeye," alimuuliza Felisita ghafla, "bomba likivuja utafanya nini?"

"Nitafunga koki, nitafungua madirisha. Nitapaka povu la sabuni kwenye maungio nione linafura wapi."

"Na samadi ikiwa nzito?"

"Inaziba tundu. Ndoo kwa ndoo, baba. Ya maji isipungue."

"Hmm." Akajikuna kidevu. "Mama yako anakohoa sana siku hizi."

Mzee akavaa kofia yake.

"Wale wazee wako," alimwambia Niyibizi, "waambie siku ile niliwajibu mambo nisiyoyajua. Waje tena. Na wakija, wewe uje nyuma yao na kamba yako ya kupimia, maana uani kwangu kuna mahali nataka upaone. Sasa naenda kuangalia hao ng'ombe. Nitachelewa huko kidogo."

Akatoka. Walimsikia akiwasemesha ng'ombe kwa Kihangaza, lugha ya kwao, akiwauliza habari za Biharamulo.

Maziwa yalianza kuumuka, Niyibizi akanyoosha mkono akapunguza moto bila kuondoa macho kwa Felisita.

"Bado una swali," akamwambia. "Nalijua paji lako la uso."

"Ninalo moja."

"Uliza."

"Priscila alikuomba uende, ukakataa." Alishika kola ya lile shati la Jumapili, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka. "Je, mimi nikikuomba? Siku moja nikasema, Niyibizi, tuhame hapa. Utaniambia nini?"

Hakukimbilia kujibu. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri juu ya kuta na mifereji, na Felisita alimpenda kwa kule kufikiri kabla hajasikia jibu.

"Nitakuuliza tunakwenda wapi," akasema.

"Halafu?"

"Nitakuuliza kama huko mvua inanyesha, na udongo wake ukoje."

"Halafu?"

"Halafu nitachukua jembe, nianze kuchimba shimo lingine."

Felisita akaegemeza paji la uso kwenye bega lake, ambalo sasa hakulazimika kulirukia, akakaa hivyo mpaka maziwa yalipochemka yakamwagika na kuuzima moto. Wakashtuka wote wawili, mikono ikagongana kwenye koki.

"Mimi nafunga," akasema Felisita. "Wewe fungua dirisha."